Zamu ya Nyumba ya Mama

Simu ilinikuta nakaanga maandazi. Nina mgahawa mdogo Iguguno, pembeni ya barabara kuu, na asubuhi ni saa ya madereva; ukizubaa kidogo wanahamia kwa mwenzako. Nilipoona ni mama mdogo anapiga nikaibana simu begani, nikasema shikamoo mama mdogo, nitakupigia baadaye, mafuta yameshika moto. Hakuitikia. Akasema, "Zima jiko." Kwetu mtu mzima hawezi kupewa shikamoo akaiacha hewani hivi hivi, kwa hiyo nikazima jiko.

"Njoo umchukue mama yako," akasema. "Kilabuni, kwenye pombe, wanasema mvua za mwaka huu hatazikuta."

Nikakaa juu ya ndoo. Maneno kama hayo mtu wa kwetu haulizi maana yake. Tumeyasikia redioni tangu utotoni: bibi fulani, kijiji fulani, amekutwa ameuawa nyumbani kwake, wanasema alikuwa mchawi. Siku zote ni kijiji cha watu wengine. Unatikisa kichwa, unasema jamani dunia imekwisha, unaendelea kuchambua mchele.

Mama yangu anaishi Mungaa, peke yake tangu baba afariki, na mbuzi wake na kuku wake. Jirani yake wa karibu ni binti mdogo kwa umri, mumewe yuko machimboni, na mji wote unaendeshwa kwa amri ya shemeji yake, kaka wa mume. Binti huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, mchangamfu, mtoto wa kushinda kwa mama yangu akifukuzana na vifaranga. Mtoto akapata homa. Akafa. Kwa akili yangu mimi habari inaishia hapo. Lakini kijiji hakikubali habari iishe bila mtu wa kuibeba, na mama yangu ni mjane, ni mzee, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Mekundu kwa nini? Kwa sababu amepika kwa kuni maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha! Alitupikia sisi. Ningekuwa na nafasi ya kumjibu mtu siku ile ningemjibu hivyo hivyo kwa kelele, lakini hakuna aliyeniuliza.

Nilifika Mungaa siku hiyo hiyo. Nilimkuta anapepeta alizeti uani, mzima, kanga kiunoni, akanikaripia kwa kuja bila taarifa maana hana mboga. Nikataka kucheka na kulia. Nikakaa naye pale nje, na ndipo nikaanza kuona mwenyewe. Watoto waliotoka shule walikuwa wakifika kwenye kona ya boma lake wanazunguka kupitia shambani. Wawili walikuja usoni kabisa, wakatukuta macho kwa macho, wakainamisha vichwa wakapita. Hawakumwamkia. Mtoto wa Mungaa kumpita bibi bila shikamoo! Zamani hata mtoto mtundu wa mwisho angechapwa na mtu yeyote aliyekuwa karibu. Mama alijifanya anapuliza makapi.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona nini? Watoto wa siku hizi."

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Akanisikiliza vizuri, akaniambia nimletee mtu aliyetamka maneno yale, aje aseme mbele yake kuwa ameyatamka. Nikamwambia, "Yaani muuaji aje ajiandikishe?" Akasema dada punguza jazba. Niliondoka bila kuaga, na nikajuta njiani kwa sababu ndiye serikali pekee iliyokuwa karibu.

Mama hakutaka kabisa kuondoka. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia Iguguno nina chumba, kuku atakuja nao. Mama akikasirika anahamia Kinyaturu, na mimi Kinyaturu changu cha mgahawani hakifiki alikokuwa. Nilichokipata ni hiki: akiondoka ndiyo amekiri. Watasema mmeona, amekimbia. Wataibomoa nyumba, na jina hilo la mchawi litamfuata hadi kwa wajukuu, hadi kwangu. "Lisemwalo lipo," akanikejeli kwa sauti ya watu wa kijiji. "Ndivyo watakavyosema. Sasa mimi niwasaidie kusema?" Halafu akatoa sababu iliyokuwa kubwa kuliko zote kwake. Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba yake.

Hapa lazima nieleze. Kila Jumamosi asubuhi familia za Kikatoliki za upande wetu wa kijiji wanakutana kwa jumuiya, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo. Wanasoma kipande cha Injili, halafu wanajibu maswali ambayo parokia inayatuma kwenye simu ya katekista. Katekista kwetu tunamwita mwalimu. Zamani maswali hayo hayakumsumbua mtu. Ukiulizwa somo linakuambia nini, unajibu kwamba sisi binadamu tuna dhambi nyingi, watu hawapendani, vijana wameharibika, unakaa chini umetakata. Kisha mwalimu alirudi kutoka semina na sheria yake mpya: hakuna kujibu kwa "sisi" wala kwa "watu." Mwenye kujibu aseme "mimi." Biblia inazunguka mkono kwa mkono kulia, anayeishika ndiye mwenye zamu, na asikatishwe mpaka amalize.

Sheria hiyo ilileta vichekesho mwanzoni. Kuna mzee mmoja wa jumuiya, mtu wa masihara, alisimama akasema mimi huwa nasinzia kwenye mahubiri, na leo nitasinzia tena. Mwingine alirudisha jembe aliloazima zamani sana, mpaka mwenyewe alikuwa ameshanunua lingine. Watu waliipenda. Mama yangu kuliko wote. Mama hakusoma shule, na hapo alikuwa amepata mahali ambapo mtu anaulizwa swali na watu wazima wote wanangoja jibu lake. Akinipigia simu ananisimulia alivyojibu. Nami nilikuwa nasema ee, ee, huku nahesabu vikombe.

Ijumaa nilikwenda kwa mwalimu kumwomba aihamishe jumuiya ya kesho. Alikuwa anafunga tenga la kuku kwenye baiskeli. Nikamwambia ninachokiogopa. Hakushangaa, na hilo likaniogopesha zaidi; maana yake lilikuwa limeshamfikia.

"Tukiiruka nyumba yake kesho," akasema, "sisi jumuiya tutakuwa tumeshatoa hukumu."

Ilikuwa kweli, nikamchukia kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikamwomba basi anionyeshe somo. Akatoa simu. Lilikuwa ni lile la mwanamke aliyekamatwa akaletwa mbele ya Yesu, watu wamemzunguka na mawe mikononi, Yesu ameinama anaandika chini. Na maswali chini yake. Neno gani limekushika? Ungekuwa pale, ungesimama wapi? Jiwe gani liko mkononi mwako? Utafanya nini wiki hii?

"Mwalimu, hilo la tatu liache."

"Dada yangu, maswali hayarukwi."

"Nyumbani kwa mama? Kesho? Uwaulize watu habari ya mawe?"

Alikaza kamba ya tenga mpaka kuku akalia. "Hata mimi naogopa," akasema. "Nenda kampikie mama yako chai ya kesho."

Nilichemsha viazi vitamu sufuria nzima, chai ya maziwa, karanga. Moyoni niliomba wasije. Wasipokuja, mama atajua mwenyewe, atafunga mizigo, tutaondoka na huzuni lakini tutaondoka hai. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepiga hesabu zangu.

Wakaja wote. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, kila mmoja akiinama mlangoni maana nyumba ya mama ni ya zamani, ya udongo juu mpaka chini, mlango mmoja mfupi. Akaja yule binti aliyefiwa, amejitanda kanga mpaka usoni, amekonda hata nusura nisimtambue. Na nyuma yake akaja shemeji yake. Mtu huyo hakuwa mtu wa jumuiya. Krismasi utamwona kanisani amesimama nje na wenye pikipiki. Siku hiyo akaingia, akavua kofia, akakalia kile kigoda cha karibu na mlango, na miguu yake mirefu akainyoosha ikaziba njia. Niliutazama mlango ule kwa muda mrefu. Sikuwahi kuwaza katika maisha yangu kwamba nyumba tuliyokulia ina mlango mmoja tu.

Mama alikuwa na furaha. Jamani, furaha! Anagawa vikombe, anawauliza habari za nyumbani, huyu mguu umepona, yule ng'ombe amezaa. Walijibu kwa adabu. Walipokea vikombe kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, kisha wakaviweka chini miguuni. Nilingoja. Hakuna aliyekunywa. Sufuria ya viazi ilizunguka nyumba nzima ikarudi kwangu imejaa vile vile. Utando wa maziwa ukaanza kuganda juu ya vikombe, na mama akaviona, akakaa chini kwenye mkeka taratibu.

Nikakasirika. Nikanywa changu kwa kuvuta kwa sauti mpaka mzee wa masihara akanitazama. Nikamtazama na mimi. Akainua kikombe chake akakishika tu mkononi.

Somo likasomwa. Swali la kwanza likapita, la pili likapita. Watu walijibu kwa mkato, mimi ningekuwa Petro, mimi ningekuwa mbali nimejificha. Yule shemeji Biblia ilipomfikia aliipitisha bila kusema, na mwalimu akamwacha. Kisha likaja la tatu. Mwalimu alilisoma huku macho yake yakiwa kwenye simu. Biblia ilianzia kwa mama, kwa sababu ndiye mwenye nyumba.

Akaishika kifuani. Akafikiri. Mimi nilikuwa nimekaa kulia kwake, nikambonyeza goti, nikanong'ona, "Sema huna."

"Mimi jiwe ninalo," mama akasema.

"Mama amechoka," nikasema kwa sauti. "Mwalimu, mama hajalala vizuri."

"Tusimkatishe," akasema mwalimu. Uso wake ulikuwa umetoka jasho.

"Ninalo tangu mavuno," mama akaendelea. "Mbuzi wa jirani waliingia kwenye mtama wangu. Nikaenda kusema. Huyu mwanangu," akamwonyesha yule binti kwa kidevu, "akanijibu vibaya mbele za watu, akaniita kizee. Nikamwambia, utaona. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nikarudi na hasira yangu. Mtoto wake alipokuja kuchezea vifaranga nikamfukuza, nikamwambia nenda kwenu. Hakurudi tena. Nikasikia anaumwa. Sikwenda kumwona."

Nilitaka kumziba mdomo. Namaanisha kwa mkono wangu, mama yangu mzazi. Kila neno alilokuwa anatoa kwa kutubu lilikuwa linaingia masikioni mwao kama ushahidi, na yeye hajui. Anaangalia chini, anatafuta neno la kweli zaidi, kama alivyofundishwa.

"Akafa," mama akasema. "Nikaja msibani. Wenzangu wanalia, mimi macho makavu. Nilikuwa nakutazama mwanangu unavyolia, na moyo wangu ndani unasema, umeona sasa. Hilo ndilo jiwe langu. Mtoto wa watu amekufa na mimi moyo unasema umeona sasa. Nimeshindwa kulala nalo. Naomba unisamehe."

Yesu wangu.

"Mmesikia wenyewe," akasema yule shemeji. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayethibitisha bei ya kitu.

Mwanamke mmoja akajisogeza mbali na mkeka wa mama. Mama akanipa Biblia, nusura niiangushe. Zamu yangu. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri wa kujibu, habari za wateja wangu. Uliyeyuka wote.

"Mimi naogopa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si yangu. "Jiwe langu ni kwamba kila mmoja wenu humu ndani namwona muuaji. Mmetuzaa, mmetulea, mmetuchapa tulipokosa, na nawaona wauaji. Hakuna hata mmoja aliyekunywa chai ya mama yangu. Mnadhani sioni?"

Nikampa Biblia mzee wa masihara. Akakaa nayo. Akakitazama kile kikombe, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja na utando wake wa maziwa, akajifuta ndevu. "Jiwe langu nimelimeza," akasema, lakini hakuna aliyecheka na yeye mwenyewe hakucheka. Akampa Biblia aliyefuata. Ikapita kwa wengine. Walisema vitu vidogo vidogo, sikusikia. Nilikuwa natazama miguu ile mirefu mlangoni.

Ikamfikia yule binti.

"Pitisha," shemeji yake akamwambia.

Aliishika. Kanga ikamdondoka kichwani na hakuirudisha.

"Pitisha, twende."

"Mimi," akasema yule binti, akakwama. Akaanza upya. "Mimi mtoto aliumwa, zahanati wakaniambia nimwahishe hospitali ya wilaya. Nikangoja shemeji aamue. Akasema tungoje kidogo. Nikangoja. Mimi nilingoja."

"Funga mdomo wako," shemeji akasema, na mwalimu kwa mara ya kwanza akainua kichwa akamwambia, "Ana zamu."

"Baada ya kuzika tukaenda kwa mganga. Mganga akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akasema ni mwanamke. Nikamwambia nani, akasema utamjua mwenyewe, unagombana na nani? Nikamtaja mama." Alikuwa anamtazama mama yangu usoni sasa, machozi yanamwagika bila kuyafuta. "Mganga hakulijua jina. Jina nilimpa mimi. Nililitoa kwa sababu uliniambia utaona, na kwa sababu, mama, ungekuwa wewe uliyemuua, basi nisingekuwa mimi niliyengoja. Shemeji na wenzake wa kilabuni wakalichukua. Nimewaambia nimekosea, hawasikii. Mama, leo usilale hapa. Nakuomba. Usilale hapa."

Shemeji alisimama. Nami nikasimama, sijui nilifikiri nitafanya nini, nilikuwa nimeshika kijiko. Akatutazama kwa zamu, mama, binti, mimi, akavaa kofia yake, akainama akatoka. Tukasikia pikipiki inapigwa kiki. Ikashika. Ikaenda upande wa kilabuni.

Watu walibaki wamekaa. Hiki ndicho ambacho sitakisahau: mwalimu, maskini, kwa mazoea tu, akairudia simu yake akasoma, "Swali la mwisho. Utafanya nini wiki hii?"

"Wiki hii ya wapi, mwalimu!" mzee wa masihara akafoka. "Sasa hivi!"

Nikaanza kutupa nguo za mama kwenye mfuko wa salfeti. Mama yeye hakutikisika pale mkekani. Akasema haondoki, hakuiba, hakuua, amesema lake na mwenzake amesema lake, Mungu amesikia, nani tena anabaki? Nikampigia magoti. Mwalimu akamsihi. Akazidi kujikunja ndani ya kanga. Ndipo yule binti akaja, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Ukibaki watakuua," akamwambia. "Na mimi nitaishi najua kwamba mtoto nilimuua kwa kungoja na wewe nikakuua kwa kusema. Sitaweza, mama."

Mama akauliza mbuzi nani atawafungulia. Mwalimu akasema ni yeye. Akauliza kuku. Mwalimu akasema na kuku. Akanyanyuka, magoti yanalia, akasema, "Basi nakwenda kwa ajili yako. Si kwa ajili yao."

Tulitoka sote pamoja. Jua lilikuwa kali, upepo wa kiangazi unarusha vumbi, na njia ya kwenda kwenye magari inapita mbele ya kilabu, nyingine hakuna. Yule binti alimshika mama mkono, wa kulia, akatembea naye mbele kabisa. Mimi nyuma yao na mfuko. Wengine nyuma yangu. Kuna walioishia njiani, nilisikia hatua zikipungua, wala sikugeuka kuwahesabu. Niliogopa nikigeuka nitakuta tumebaki sisi watatu.

Kilabuni walikuwa wamesimama nje. Wanaume wengi, baadhi nimesoma nao. Pikipiki imeegeshwa kivulini. Shemeji alikuwa katikati anaongea na mtu, akanyamaza. Hawakutupisha. Tuliwafikia mpaka nikawa naisikia harufu ya pombe ya mtama kwenye pumzi zao. Nilimwona mmoja ameshika panga, na nikajiambia ni la kukatia kuni, mtu yeyote hubeba panga, ni la kuni, ni la kuni.

Yule binti akasimama mbele yao na mama mkononi. "Shikamooni," akasema.

Wapo waliokuwa wakubwa kwake, ilibidi waitikie. Hawakutaka. Nilimwona mmoja anapambana na ulimi wake. Kisha mtu wa nyuma akasema marahaba, kwa sauti ndogo, ya kuchukia, na mwingine naye, na yule mwenye panga akasogeza bega lake kiasi cha mtu kupita. Tukapita katikati yao mmoja mmoja. Kanga yangu iligusa mguu wa mtu. Mgongo wote ulikuwa unangoja.

Barabarani tulikuta Noah inajaza, kondakta anaita Singida, Singida mjini. Nikamsukuma mama ndani kwa haraka hata akagonga kichwa, nikarusha mfuko, nikapanda, nikamwambia kondakta twende, nitalipa na viti vilivyo wazi, twende. Mwalimu akasogea dirishani akatubariki. Mzee wa masihara alikuwa anahema, amekalia jiwe la pembeni ya barabara. Wote walikuwa na uso wa watu waliomaliza kazi ngumu, na mimi pia, nikiri, nilikuwa nimeanza kupumua. Yule binti alisimama mlangoni mwa gari, mikono mitupu, anatabasamu kidogo kwa kumuona mama yuko ndani.

"Na wewe mwanangu," mama akamwuliza, "leo utalala wapi?"

Tabasamu lilikaa pale pale midomoni kwa kitambo, kama vile swali lilikuwa la mtu mwingine. Kisha likaisha. Akageuza kichwa akatazama njia tuliyotokea, kijiji, kilabu, mji wa shemeji yake. Nikamtazama mwalimu, mwalimu alikuwa ameangalia chini. Asubuhi nzima tulikuwa tumeulizana maswali, na wala hakuna aliyewaza hilo, hata mimi, hasa mimi.

"Mnapanda au hampandi?" kondakta akapiga bati.

Mama akajisogeza kwa taabu mpaka dirishani, akapigapiga kiti kwa kiganja. Binti akapanda kama alivyokuwa, na ndala zake za nyumbani, hana hata simu. Gari likaondoka. Mama yangu akamfunika na upande wa kanga yake, akamwambia kitu kwa Kinyaturu ambacho sikukipata.

Mimi nilikaa kiti cha nyuma yao, nimegeukia kioo cha nyuma, natafuta pikipiki kwenye vumbi.